Chumba Chanika, kazi Kariakoo

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeajiriwa kuuza vitambaa dukani Kariakoo na nimepanga chumba Chanika kwa shilingi 50,000 kwa mwezi. Ninaamka saa kumi alfajiri ili niiwahi daladala kabla ya foleni, na ninaporudi watoto wamekwisha kulala. Nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 2,400 kwa siku. Nimepata chumba Buguruni kwa shilingi 120,000, lakini wenzangu wananicheka. Je, nihame?
Msomaji, Chanika

JIBU: Ndugu msomaji, wenzako wanalinganisha kodi kwa kodi, ilhali kwa mfanyakazi wa Dar es Salaam nauli nayo ni kodi. Ukienda kazini siku 26 kwa mwezi, nauli inafika shilingi 62,400, kwa hiyo chumba cha Chanika kinakugharimu shilingi 112,400. Buguruni, ambako unaweza kwenda Kariakoo kwa miguu, kunazidi kwa shilingi 7,600 tu, na hapo hatujahesabu saa unazosimama mlangoni mwa daladala.

Kikwazo ni malipo ya mkupuo. Mwenye nyumba akitaka kodi ya miezi sita na dalali akadai ya mwezi mmoja, kama ilivyozoeleka, utatoa shilingi 840,000 kabla hujatandika godoro. Nauli hutoka kidogo kidogo, ndiyo maana wengi huishia kuulipia umbali hata pale ambapo ukaribu ungewafaa zaidi. Tena Kariakoo yenyewe, zile nyumba za Kiswahili zenye vyumba pande mbili za ukumbi, zilizokuwa zikiwahifadhi wapangaji wa kipato chako, nyingi zimebomolewa kupisha maghorofa ya maduka na stoo, huku wakazi wa mkoa wakiongezeka kutoka 4,364,541 mwaka 2012 hadi 5,383,728 mwaka 2022.

Kwa maoni yetu, hama, ila usiikopee kodi kwa riba. Mwombe mwenye nyumba apokee ya miezi mitatu na muandikishiane mkataba. Kama mna mchezo wa kuchangiana fedha kazini, omba zamu ya mwanzo. Vyumba vingine uwaulize mama lishe wa mtaa huo, ambao hujua nani anahama kabla dalali hajasikia. Jambo moja tu usilifanyie haraka: sehemu za Buguruni zimo katika bonde la mto Msimbazi, ambalo hufurika, kwa hiyo kabla ya kulipa kitazame chumba mvua ikiwa imenyesha, na uangalie ukutani kama kuna mstari wa tope.