Mbawala akisimama tu mbele ya wageni, ametulia?

Swali: Shikamoo daktari. Nahudumia wanyama kwenye bustani ndogo nje kidogo ya Moshi. Tuna swala pala tisa na mbawala wawili. Mabasi ya shule yakija, na zaidi siku za Idi, swala wanajibana kona moja na jioni nakuta majani yamebaki. Mbawala wao wanasimama tu. Bosi anasema wameshazoea watu, kama ayala wa bustani za Ulaya. Ni kweli?

Jibu: Marahaba. Nianze na mbawala, maana hao ndio wanaonitia wasiwasi. Swala pala akiogopa hafichi: anakimbilia wenzake, na akizidiwa anaruka. Mita tatu kwenda juu anaziweza, kwa hiyo angalia pia urefu wa uzio wako. Mbawala ni mnyama wa vichakani, mpweke, na kinga yake ya kwanza ni kuganda asionekane. Kwenye banda lisilo na kichaka anaganda mbele za watu, nasi tunasema katulia.

Tazama taya. Mnyama wa kucheua akishtuka, taya husimama, kichwa hupanda, masikio huelekea kwenye kelele. Siku yenye wageni, kila baada ya dakika kumi hesabu wangapi wanakula, wangapi wanacheua, wangapi wameinua vichwa. Rudia siku isiyo na wageni, saa zilezile na hali ya hewa ileile. Usilinganishe saa sita ya jua kali na saa mbili asubuhi; mchana swala hutafuta kivuli hata pasipo mtu.

Kuhusu ayala, yule tunayemsikia kanisani: huyo ni ukoo mwingine, dume lake huangusha pembe kila mwaka, wakati swala na mbawala pembe zao ni za maisha. Na hata ayala kumsogelea mtu si lazima iwe utulivu. Kule Nara, Japani, wamezoea kupewa biskuti na wageni. Mwaka 2020 watalii walipoacha kuja, baadhi ya ayala hao waliingia mitaani kutafuta chakula. Ilikuwa njaa ya biskuti. Kwako marufuku bisi, mkate na mahindi: wanga mwingi kwa mkupuo hugeuka asidi tumboni na unaweza kuua.

Idadi ya watu si kitu pekee. Kinachowasumbua sana ni kelele, watoto kugonga waya, na kuzungukwa pande zote. Mnyama ana umbali wake. Ukiuvuka hukimbia, na asipokuwa na pa kukimbilia hujibana kona, kama ulivyoona. Funga pande mbili za uzio kwa makuti au magunia, wageni wabaki upande mmoja, kamba iwazuie hatua kadhaa kabla ya waya. Ndani weka matawi na vichaka, mbawala wapate pa kupotelea. Majani mabichi yatangulie kabla ya geti kufunguliwa, mengine yawekwe wageni wakishaondoka.

Na tafadhali, msiwaswage waje mbele wapigwe picha. Swala aliyekimbizwa sana huharibika misuli. Anaweza kukakamaa, mkojo ukawa mweusi, akafa siku kadhaa baadaye mkitafuta sumu kwenye majani.

Siku utakayomkuta mbawala amelala anacheua huku watoto wako ng'ambo ya kamba, niandikie kwamba amezoea.