Unataka kusomea ualimu wa muziki Uganda? Anza kwa kuchagua somo la pili

Kila matokeo ya S.6, mwaka wa mwisho wa sekondari, yanapotoka, wazazi huanza kunipigia. Swali ni lile lile, sauti tu ndizo tofauti: "Mwalimu, huyu mtoto amekataa kila kitu, anasema anataka muziki. Sasa atakula nini?" Ni swali la haki, na mtu asikasirike akiulizwa. Nafundisha muziki na Kiswahili hapa Jinja, nimesomesha watoto wangu kwa kazi hiyo, na jibu ninalowapa ni kwamba atakula, ila asitegemee muziki peke yake, wala mshahara wa shule peke yake.

Tuanze na chuo. Makerere ilifungua idara ya muziki, ngoma na maigizo mwaka 1971. Siku hizi inaitwa Idara ya Sanaa za Maonyesho na Filamu, lakini ukifika pale ukauliza MDD, kifupi cha lile jina la zamani kwa Kiingereza (Music, Dance and Drama), hata mlinzi wa getini atakuelekeza. Kyambogo ndiko wanakoelekea wengi wenye nia ya kushika chaki. Chuo kikuu hicho kiliundwa 2003 kwa kuunganisha vyuo vitatu, kimojawapo kikiwa chuo cha ualimu, na harufu ya ualimu haijatoka. Ukitaka kupiga jukwaani, tazama Makerere kwanza. Ukitaka darasa, tazama Kyambogo. Hayo ni maoni yangu, wenzangu wa Makerere watanisamehe. Kuhusu stashahada, kumbuka kwamba sera ya taifa ya walimu ya 2019 inataka kila mwalimu, hata wa chekechea, awe na digrii. Ukianza na stashahada, anza ukijua kwamba safari haiishii hapo.

Sasa lile somo la pili. Mwalimu wa sekondari nchini mwetu kwa kawaida anajiandaa kufundisha masomo mawili. Wanaopenda muziki hulichukua la pili kama jina la kujazia fomu, na hapo ndipo maisha yao yanapoamuliwa bila wao kujua. Mkuu wa shule akikaa kupanga ratiba, muziki ni somo la hiari lenye wanafunzi wachache na vipindi vichache. Vipindi vinavyokufanya uhitajike Jumatatu hadi Ijumaa vinatoka kwenye somo lile jingine. Mimi nilichukua Kiswahili kwa sababu baba alikuwa askari na kambini tulikiongea tangu utotoni. Wenzangu walinicheka, maana enzi hizo Kiswahili kilihesabiwa lugha ya bunduki. Mwaka 2022 baraza la mawaziri lilipitisha kiwe lugha rasmi na likapendekeza kifundishwe kwa lazima shuleni, na sasa wale wale waliocheka wananiuliza kama namjua mwalimu wa Kiswahili asiye na kazi. Simjui.

Pesa tuiseme wazi. Julai 2022 serikali ilipandisha mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye digrii hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi. Wa sanaa, mwenye digrii ile ile na dawati lile lile, alibaki kwenye milioni 1 na kidogo. Walimu wa sanaa walikuwa wamegoma mwezi mmoja kabla, wakarudi darasani. Muziki ni sanaa. Mzazi alijue hilo kabla ya kulipa ada, na mtoto alijue kabla ya kuoa.

Ukishaingia chuoni, kitu cha kwanza kitakachokutoa jasho ni nota. Wengi wetu tumekulia kwenye kwaya, na kwaya zetu zinaishi kwa solfa, yaani do-re-mi iliyoandikwa kwa herufi. Mtu anaweza kuwa msoma solfa hodari, anaimba sauti zote nne za wimbo usiku mmoja, lakini umwekee ile mistari mitano mbele yake anakodoa macho. Usingoje mhadhiri. Kati ya S.6 na chuo kuna miezi mingi ya kukaa nyumbani. Tafuta mtu wa kinanda kanisani akufundishe kusoma nota. Kuna sababu ya mfuko pia: wazazi wa Kampala wanaolipia watoto wao masomo ya piano wanataka mitihani ya ABRSM ya Uingereza, na katika mitihani hiyo mtoto havuki kwenda gredi ya 6 ya kupiga kabla hajafaulu gredi ya 5 ya nadharia au mtihani unaolingana nayo. Mwalimu anayeweza kumvusha hapo hakosi wanafunzi.

Lakini msiishie kwenye piano, nawaomba. Mwanafunzi anayetoka chuoni bila kuweza kupiga ala hata moja ya nyumbani amesoma nusu. Chukua amadinda, marimba ya Buganda. Mbao 12 zimelazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba, wapigaji watatu wamekaa pande mbili wakitazamana. Omunazi anaanza na mlolongo wake, taratibu. Omwawuzi anaingiza noti zake katikati ya zile za mwenzake, moja hapa moja pale, hadi mikono miwili inatoa sauti za mikono minne. Wa tatu, omukoonezi, ana mbao mbili tu za mwisho, zile ndogo. Kazi yake ni kusikiliza wenzake wawili na kuokota noti fulani tu za chini azirudie juu. Ukisikiliza kutoka nje unasikia nyimbo ambazo hakuna hata mmoja wao anazipiga.

Kwa aliyezoea kuhesabu moja-mbili-tatu-nne, kuingia kama omwawuzi ni adhabu. Unatafuta "moja" iko wapi, na ukiipata unagundua ni "moja" ya mwenzako, wewe yako iko katikati. Mzee aliyetufundisha hakuandika chochote. Alinishika kifundo cha mkono, akanigongesha, akaachia, akacheka. Marehemu Evaristo Muyinda, aliyepiga kwenye kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda, kabla ya kufundisha kwenye Jumba la Makumbusho la Uganda, aliwafundisha hata wazungu wenye shahada kubwa kubwa. Ukikaa kwenye amadinda hadi ikutii, masikio yako yatakuwa mengine, na darasa la watoto themanini halitakutisha tena, kwa sababu utajua jinsi ya kuwagawa makundi matatu yanayosikilizana.

Wa Kaskazini Magharibi wana adungu ya Waaluri, inayokuja kama familia, kuanzia ile ndogo ya kukumbatia hadi besi kubwa ya kupigwa umekaa. Inakubali do-re-mi, kwa hiyo shule isiyo na umeme inaweza kuwa na bendi kamili. Hapa Busoga tuna bigwala, baragumu za vibuyu, ambazo UNESCO ilizitia mwaka 2012 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Wazee wanaozijua ni wachache. Kijana anayesomea muziki akitafuta mada ya utafiti wake wa mwisho, asiende mbali.

Ujuzi huo ndio unaolipa, hasa wakati wa mashindano. Asiyefundisha Uganda hawezi kuelewa mashindano ya muziki, ngoma na maigizo yanavyoshika shule. Kuna wimbo wa kwaya uliopangwa, wimbo wa asili, ngoma, utunzi mpya kuhusu mada ya mwaka, mchezo, shairi. Mkuu wa shule asiyejua chumba cha muziki kiko upande gani wa uwanja anakuwa ghafla mtu wa kuja mazoezini na soda. Shule huajiri wakufunzi kwa muhula huo mmoja, na mtunzi mzuri huandikia shule kadhaa. Mwaka wa kwanza nje ya chuo, wengi huishi kwa kazi hizo. Ubaya ni kwamba kombe likishafika kabatini, mkufunzi husahaulika. Shule moja niliyoifanyia kazi ilinilipa nusu na kuniahidi nusu nyingine "wazazi wakimaliza ada". Nadhani bado hawajamaliza. Andikeni makubaliano, hata kama ni ukurasa mmoja, na mpokee kitu kabla ya watoto kupanda basi.

Na mnapotunga, tarehe na jina viwe kwenye karatasi. Sheria ya hakimiliki tunayo tangu 2006. George William Kakoma, aliyetunga wimbo wetu wa taifa wa 1962, uzeeni alilazimika kwenda mahakamani kuidai serikali malipo ya kazi yake. Ikiwa yeye yalimkuta, wewe na wimbo wako wa mashindano unaonakiliwa wilaya nzima ni nani?

Kazi nyingine nazitaja haraka. Bendi za polisi, jeshi na magereza huchukua wapigaji, na anayejua Kiswahili huko hana shida, maana lugha hiyo inatumika sana vikosini. Shule za kimataifa za Kampala hulipa vizuri na hudai Kiingereza safi na piano. Shirika la Brass for Africa hufundisha watoto tarumbeta, na waalimu wake wengi walianza kama wanafunzi wa bendi. Kituo cha ngoma za asili cha Ndere, pale Kisaasi, Kampala, ni cha wenye miguu ya kucheza. Kanisa hulipa kidogo lakini hukupa kinanda cha kujifunzia bure, na harusi hutoka humo humo.

Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020 umeliunganisha somo letu na ngoma na maigizo, linaitwa Sanaa za Maonyesho. Aliyezoea kujificha nyuma ya piano sasa atafundisha pia kuigiza na kucheza. Chuoni usikimbie vipindi hivyo.

Na siku ukiitwa kwenye usaili wa shule, baada ya wao kumaliza maswali yao, uliza yako: muziki una vipindi vingapi kwa wiki, nani analipa, serikali au wazazi, na ala ziko wapi. Wakikwambia zipo stoo, omba ufunguo ukazione kabla ya kutia sahihi.