Mwandishi wa tiba, hivi ni kazi au ni kumuandikia mtu ajisifu?

SUALI: Assalaam alaykum dada. Mie niko Wete, nina diploma ya uuguzi, mwaka jana nilipata kazi ya miezi michache kwenye utafiti, tunapita majumbani tunauliza masuala na kupima watoto. Ripoti ilipotoka nikaona mwishoni wanamshukuru mtu kwa "msaada wa uandishi", kuuliza nikaambiwa huyo ni mwandishi wa tiba, analipwa kwa kuandika tu. Mie kuandika nakupenda tokea skuli. Jee ni kazi ya halali? Na kaka angu kanambia nisijisumbue, kompyuta sasa inaandika yenyewe.

JIBU: Waalaykum salaam mdogo wangu. Halali ipo na haramu ipo. Haramu ni pale kampuni ya dawa inamlipa mtu aandike makala halafu linabandikwa jina la profesa ambae hata hakuigusa, na yeye aliyeandika hatajwi popote. Mwaka 2009 kule Marekani korti iliamua zifunguliwe nyaraka za makala za dawa za homoni za wanawake zilizoandikwa hivo hivo, watu wakashika vichwa. Ndo maana majarida makubwa yanafuata masharti ya ICMJE, ile kamati ya wahariri wa majarida ya tiba: kama wewe umeandika tu, kubuni utafiti hukuwepo wala kuchambua data hukuwepo, hutoshi kuitwa mwandishi wa makala, unatajwa kwenye shukrani na inasemwa nani kakulipa. Kwa hiyo huyo uliyemuona anashukuriwa kafanyiwa sawa, si wizi.

Zamani kazi hii ilikuwa ya chini kwa chini, ripoti za majaribio ya dawa kwa ajili ya mamlaka za serikali, makala za majarida, yaani mtaalamu anamuandikia mtaalamu mwenzake. Kilichobadilika ni msomaji. Ulaya tokea tarehe 31 Januari 2022 sheria yao mpya ya majaribio ya dawa ishaanza kutumika, na inataka kila jaribio litolewe na muhtasari wa lugha nyepesi kwa raia wa kawaida. Sasa huo muhtasari si kufupisha tu, hapo ndo wengi wanaanguka, daktari bingwa kabisa anakuandikia sentensi mistari sita mpaka wewe muuguzi unaumwa kichwa.

Nikupe mfano wa hapo hapo kwenu. Kisiwani Pemba ulifanywa utafiti mkubwa wa kuwapa watoto wadogo madini ya chuma na vitamini ya foliki, matokeo yakatoka kwenye jarida la tiba la Lancet 2006 na dunia nzima ikastuka: watoto waliopewa chuma walilazwa au kufariki zaidi kuliko wasiopewa, sababu ni sehemu yenye malaria kali wakati ule. Lkn ndani yake kulikuwa na jengine, wale watoto waliokuwa na upungufu wa chuma na damu kidogo kweli kweli, wao walifaidika. Haya, mwandikie mama wa Micheweni. Ukisema "chuma" anafikiria nondo, sisi tunasema vidonge vya kuongeza damu, si ndio? Lkn ukiandika vidonge vya kuongeza damu viliwadhuru watoto, kesho mjamzito anatupa vya kwake alivyopewa kliniki, na utafiti ule haukuwa wa wajawazito kabisa. Neno moja tu hilo. Mie binafsi naona hapo ndo kazi yenyewe ilipo, Kiingereza cha majarida kina watu wengi wa kukiandika.

Kaka ako hakukosea sana. Kompyuta inaandika, tena haraka, na rasimu za mwanzo waandishi wengi mara hii wanaanzia huko huko. Lkn ICMJE mwaka 2023 walisema wazi hizo programu haziwezi kuwa waandishi kwa sababu haziwezi kubeba dhamana, na ukizitumia useme. Na kompyuta haikuwahi kupiga hodi nyumba ya mtu ikaulizwa "hiyo damu ya mwanangu munaipeleka wapi?", wewe ushaulizwa nadhani zaidi ya mara moja.

Kuanza hakutaki mtaji. Jifunze takwimu kidogo, angalau ujue hatari kuongezeka mara mbili ni kutoka ngapi kwenda ngapi, maana huko ndo watu wanadanganywa. Halafu chukua muhtasari wa makala hiyo ya Pemba, iandike nusu ukurasa kwa Kiswahili chetu, mpelekee jirani yako mwenye mtoto. Usimfafanulie kitu, msomee tu, kisha muulize kaelewa nini. Akikwambia "kwa hiyo vile vidonge niache?", rudi ukaandike tena.