Barua kwa mwanangu anayekwenda kupiga ngoma ya muheme Chamwino, Dodoma

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza kama uwaambie wenzako wa kikundi kwamba una selimundu, huu ugonjwa wa damu uliozaliwa nao, kabla ya tamasha la Cigogo la ngoma za Wagogo mwezi wa saba, au unyamaze, maana unaogopa wakijua watakuonea huruma na kukutoa mstari wa mbele.

Waambie. Si lazima wote. Mwambie kiongozi na yule anayepiga ubavuni kwako. Watazamaji hawakudai kitu. Atakayesema macho yako ya njano ni ya pombe, mwache. Shangazi yako amesema makubwa kuliko hayo na bado tunakula naye.

Muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, haupigwi na mtu mmoja. Ngoma umeibana mapajani, miguu inacheza, masikio yako kwa mwenzako. Mifupa ikianza kukuuma katikati ya wimbo, mwenzako asiyejua atadhani umepotea, atakukazia macho, na hapo hata mgeni atagundua. Anayejua ataongeza mkono, wewe utarudi nyuma taratibu, na wimbo utaendelea. Na wakikutoa mbele kwa sababu ya kusikia tu, muulize kiongozi: nimekosa mazoezi? Mkono wangu umekuwa mzito? Akikosa jibu, akurudishe.

Lakini mimi kinachoninyima usingizi ni maji. Wanawake wa ngoma nawajua: wakishavaa na kufunga shanga, hawataki tena habari za choo, kwa hiyo hawanywi. Wewe huwezi kufanya hivyo. Figo za mwenye selimundu hazijui kubana maji, ndiyo sababu tangu utoto unaamka usiku kwenda kukojoa. Maji yakipungua mwilini, chembe za damu zinajikunja na kukwama kwenye mishipa midogo, na maumivu yake unayajua kuliko mimi. Kunywa, na kiongozi ajue mapema kwamba utakwenda chooni dakika za mwisho. Hilo peke yake ni sababu tosha ya kumwambia.

Baridi ya Julai nayo si kama ile ya mjini kwenye nyumba za kupanga. Uwanja wa wazi hauna huruma. Vaa fulana na taiti ndani, acheke anayecheka. Ukimaliza kupiga, usisimame na jasho lako ukipiga soga kwenye upepo.

Kama mtafunga njuga, zisikae juu ya ngozi ya kifundo. Kidonda cha hapo kwa mwenye hali yako kinaweza kukaa miezi, hata miaka. Vaa soksi kwanza. Dawa yako ya selimundu, haidroksiyurea, usiiruke eti uko safarini.

Kifua kikibana au homa ikipanda, ngoma imekwisha, hata kama mgeni rasmi ndiyo kwanza anaketi. Unakwenda hospitali.

Habari ya kupandikizwa uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, pale Hospitali ya Benjamin Mkapa tutaizungumza ukija nyumbani. Kaka yako bado hajapimwa kama mnaendana, na si jambo la kuamua wiki ya tamasha.

Niandikie mnapanda jukwaani siku gani, asubuhi au jioni. Nitakuja na chupa ya chai ya tangawizi. Mama mdogo wako naye anakuja, ila anauliza kama kuna viti au tubebe mkeka.

Mama yako