Maswali yenu: diski pacha za seva ya bakapu

Shikamoo kaka. Mimi ni mhasibu wa SACCOS hapa Tukuyu. Data zetu zote zina GB 600. Fundi anatushauri tununue diski mbili za TB 2, ziwe pacha, yaani kila moja iwe na nakala ya nyingine. Zitatosha?

Marahaba dada. Kwa leo zitatosha, mwakani mtaanza kufuta vitu kwa kubahatisha. Seva ya bakapu, yaani kompyuta ya kutunzia nakala za akiba, inabeba data za leo, za jana na za mwezi uliopita. Kwa hiyo kabla ya kuulizia bei, kaa na meneja mkubaliane: kosa likigundulika, mnataka kuweza kurudi nyuma siku ngapi?

Tuseme mmekubaliana kuweka nakala kamili mbili, moja kila mwezi, pamoja na mabadiliko ya kila siku kwa siku 30. Data zikikua kwa asilimia 20 kwa mwaka, hizo GB 600 zitafika kama 1,040 baada ya miaka mitatu. Nakala mbili ni GB 2,080. Mabadiliko, tukiyakadiria GB 10 kwa siku, ni 300 nyingine.

Sasa wengi wanateleza hapa. Usiku wa kutengeneza nakala mpya, ile ya zamani bado haijafutwa, na haitakiwi kufutwa mpaka mpya ikamilike. Kwa saa kadhaa mnakuwa na nakala tatu: GB 3,120, na zile 300 juu yake. Hiyo ni kama TB 3.4. Kwenye diski ya TB 4 mtakuwa mmejaza asilimia 85, na mimi sipendi kuvuka 80, maana mifumo mingi ya mafaili huanza kuzorota nafasi ikibana. Nunueni za TB 6.

Na msishtuke Windows ikionyesha 5.45 badala ya 6. Hamjaibiwa. Kiwanda kinahesabu kilobaiti moja kuwa baiti 1,000, Windows inahesabu 1,024.

Nina studio ya picha Iringa mjini. Nimeweka diski mbili pacha kwenye kompyuta yangu ya kazi. Kwa hiyo bakapu ninayo tayari, siyo?

Huna, ndugu yangu. Diski zikiwa pacha, ule mpango unaoitwa RAID 1, kila kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa na kwenye nyingine papo hapo. Kufuta nako ni kuandika. Kijana wako akifuta folda ya harusi ya Jumamosi, imefutika kote kwa mkupuo. Kirusi kikifunga mafaili, kimefunga pande zote mbili. Radi ya masika ikipita kwenye waya wa umeme, diski zote zimo kwenye boksi moja na zinakula umeme kutoka pawasaplai moja.

Upacha unakukinga na jambo moja tu: diski moja kufa huku kazi ikiendelea. Si jambo dogo, lakini bakapu ni nakala iliyo kwenye mashine nyingine, na nyingine tena iliyo nje ya jengo. Kwa studio, diski ya nje inayokwenda nyumbani kila Ijumaa na kuchomolewa ikimaliza kunakili inatosha kabisa.

Naweza kupacha diski ya TB 4 na ya TB 2 niliyonayo?

Unaweza. Utapata TB 2. Ndogo ndiyo inayoamua.

Huku Makete baridi ni kali na tuko juu sana. Diski haziharibiki?

Swali zuri, na halina uchizi wowote. Kichwa kinachosoma diski ya kawaida, ile yenye sahani zinazozunguka, huelea juu ya sahani kwa kubebwa na hewa, nafasi yake ni nanometa chache tu, na hewa ikiwa nyepesi mno kinaweza kugusa. Ila watengenezaji wengi huruhusu mpaka mita 3,048, na hata kilele cha Mlima Rungwe hakifiki 3,000. Mwinuko usikuumize kichwa.

Baridi ndiyo ya kuangalia. Diski iliyosafiri usiku kwenye buti la basi, ukiiingiza kwenye chumba chenye joto inatoa jasho. Iache kwenye mfuko wake saa kadhaa kabla ya kuiwasha.

Seva yetu ya shule, Mbeya, ni Linux. Nitajuaje kama diski zote mbili bado zinafanya kazi?

Mwalimu, andika `cat /proc/mdstat`. Ukiona `[UU]`, zote ziko hai. Ukiona `[U_]`, hicho kimstari ni diski iliyokufa, na seva itaendelea kufanya kazi kama kawaida bila kulalamika hata kidogo. Ndiyo maana shule inaweza kukaa muhula mzima na diski moja bila mtu kujua. Weka taarifa ije kwa baruapepe, na iende kwa mtu anayeisoma.

Ukibadilisha iliyokufa, diski ya TB 6 inayoandika MB 150 kwa sekunde itachukua saa 11 hivi kunakiliwa upya, na zaidi kama watu wanaendelea kuitumia. Muda wote huo iliyobaki iko peke yake, tena inasomwa mwanzo mpaka mwisho. Kwa hiyo ianze jioni, seva iwe kwenye UPS (betri ya kuishikilia umeme ukikatika), na bakapu ya nje iwe imeshachukuliwa mchana.