Maswali ya Kroshia: Hesabu Kabla ya Kugeuza

Mwalimu, pokea salamu kutoka Lugari. Nina oda ya vitambaa vya makochi, seti ya viti saba, na mwenyewe anavitaka kabla ya harusi ya bintiye mwezi ujao. Shida ni kwamba kila kitambaa naanza kikiwa kipana, kinaishia chembamba kama paa la nyumba. Nimelegeza mkono, nimebadilisha uzi, nimebadilisha hata sindano. Nimekutumia picha. Nifanye nini?
*Mama wa Lugari*

Mama, asante kwa picha, maana imejibu nusu ya swali. Niliikuza kwenye simu nikahesabu. Mstari wako wa kwanza una stichi 61, wa 14 una 48. Umegeuza kazi mara 13 na umepoteza stichi 13. Basi mkono wako uache kama ulivyo, na uzi pia. Kila unapogeuza kuna stichi moja unaiacha nyuma, na ninajua ni ipi.

Unashona trebo, ile ndefu. Ukifika mwisho wa mstari unashona cheni 3, yaani vitanzi vitatu vilivyoshikana kama mnyororo, unageuza. Hizo cheni 3 zinahesabiwa kuwa stichi ya kwanza ya mstari mpya, kwa hiyo trebo inayofuata inaingia kwenye stichi ya pili. Hapo unafanya sawa. Kosa liko upande wa pili. Ukirudi na kukaribia mwisho, zile cheni 3 za mstari wa chini ziko pale ukingoni, nyembamba, zimejikunja kidogo kwa nyuma, hazifanani na trebo zilizotangulia. Jicho linaona mstari umekwisha, kumbe bado. Trebo ya mwisho lazima iingie kwenye cheni ya tatu, ile ya juu kabisa. Ukiiruka, umepoteza moja. Na kwa kuwa unageuza, mstari huu unapotezea kushoto na unaofuata kulia, ndiyo maana kitambaa kinapungua pande zote mbili.

Leo usiku tafuta pini, hata ile ya kufungia nepi. Ukishashona cheni 3, ipachike kwenye ile ya tatu kabla hujaendelea. Ukirudi, pini ndiyo itakayokuonyesha mahali pa kuingiza sindano. Baada ya wiki moja hivi macho yatakuwa yamezoea na pini utaiweka kando.

Halafu jifunze kuisoma kazi yako. Iweke juu ya goti, mwanga utoke upande, utazame ukingo wa juu. Utaona herufi V nyingi zimelala, moja imeshikana na nyingine kama nywele zilizosukwa. Kila V ni stichi moja. Nahesabu hizo V kabla ya kugeuza, kila mstari, na sindano nimeishika tangu darasa la sita. Kina mama ninaowafundisha hapa Bondeni, Nakuru, mwanzoni hunung'unika kwamba nawachelewesha. Lakini kuhesabu stichi 61 ni nusu dakika, na kufumua mistari 13 ni jioni nzima pamoja na machozi.

Nawaambia hivyo kwa sababu yalinipata. Mwaka wangu wa pili wa kuuza nilishona seti nzima ya rangi ya maziwa bila kuhesabu. Vilipokuja vimepinda, nikavipiga wanga, nikavivuta pembe zote nne, nikavipiga pasi mpaka vikakaa mraba. Yule mama alivipokea kwa furaha. Akavifua mara moja tu, wanga ukatoka, vikarudi kuwa paa. Alivileta vimekunjwa vizuri ndani ya mfuko, hakusema neno baya hata moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilimrudishia pesa zake. Usivute kwa wanga kitu ambacho hesabu yake imekosewa.

Kwa hiyo oda yako, mama, ifumue mpaka mstari wa kwanza. Najua inauma. Pamba ikifumuliwa hubaki na mikunjo, hivyo izungushe kwenye mgongo wa kiti, uifunge sehemu tatu au nne, uiloweshe, uiache ikauke ikining'inia, ndipo uanze upya. Na ukienda kuongeza uzi, beba ile karatasi ya kibonge cha kwanza. Ina namba ya rangi na namba ya loti, yaani fungu la uzi uliotiwa rangi pamoja. Rangi ikiwa moja na loti mbili tofauti, dukani huoni kitu, lakini mchana sebuleni utaona kiti kimoja kimepauka.

Mwalimu, habari ya Nakuru? Mimi ni kijana wa miaka 22, nashona kofia za pamba na kuziuza hapa Kondele, Kisumu. Nilipata maelezo ya kofia kutoka Uingereza: dabo 6 katikati, halafu 12, halafu 18. Utosi wa kofia yangu unainuka kama bakuli. Na pindo nikiweka mbili mbili katika kila stichi ili litanuke, linajikunja kama jani la sukuma wiki. Kushona nilijifunza kwa video za Wamarekani na zao zinalala vizuri. Mkono wangu una kasoro?
*Kijana wa Kondele*

Mkono wako hauna kasoro yoyote, mwanangu, na nimefurahi sana kupata barua yako. Wanaume wa ziwani wamefuma nyavu kwa mikono yao miaka na miaka, kwa hiyo asikwambie mtu kwamba uzi ni wa wanawake.

Kilichokuponza ni majina. Ile stichi fupi Mmarekani anaiita singo, Mwingereza anaiita dabo. Ile ndefu Mmarekani anaiita dabo, Mwingereza anaiita trebo. Sisi tuliofundishwa na mama zetu tulipokea majina ya Uingereza, ndiyo maana mama wa Lugari nimemwambia trebo. Wewe umesoma maelezo ya Mwingereza kwa masikio ya Mmarekani: yeye aliposema dabo alitaka fupi, wewe ukashona ndefu. Dawa yake ni rahisi. Maelezo yakitaja singo mahali popote, ni ya Marekani, kwa sababu Mwingereza hana stichi ya jina hilo. Namba za sindano pia zina mtego wa aina hiyo: namba 8 ya zamani ya Uingereza ni milimita 4, namba 8 ya Marekani ni milimita 5. Nunua kwa milimita, basi.

Sasa kwa nini ndefu ikainuka? Kila mzunguko unaoongeza, mduara unapanuka pande zote kwa kimo cha stichi moja, na ukingo wake unatakiwa kurefuka mara 6 na kitu ya kimo hicho. Ni ile 3.14 ya darasani, mara 2. Stichi fupi ina kimo kinachokaribiana na upana wake, kwa hiyo ukiongeza 6 kila mzunguko unalala. Ndefu kimo chake ni karibu mara mbili ya upana, inataka 12. Wewe uliipa 6. Ukingo ukawa mfupi kuliko nafasi yake, ukavuta, bakuli likainuka.

Pindo ni kosa hilohilo likiwa limegeuzwa. Ukiweka mbili katika kila stichi, 80 zinakuwa 160, halafu 320. Ukingo unakuwa mrefu kuliko mahali pa kukaa, kwa hiyo unajikunja. Na nikwambie jambo linalonifurahisha kila nikilikumbuka: mwaka 1997 mwanahisabati Daina Taimina, mzaliwa wa Latvia, akiwa Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani, alishona kwa kroshia umbo la namna hiyo makusudi, akiongeza stichi kwa uwiano uleule kila mstari. Alitaka wanafunzi wake washike kwa mikono aina ya jiometri iliyokuwa ngumu kuonyeshwa kwa karatasi. Sukuma wiki yako ni hisabati ya chuo kikuu. Kofia tu ndiyo haiitaki.

Kwa kofia yako, shona stichi fupi, ongeza 6 kila mzunguko, na uhamishe mahali pa kuongezea. Ukiongezea palepale kila mara utosi unapata pembe sita. Pima kichwa. Kikiwa sentimita 57, gawa kwa 3.14, upate kama 18. Utosi ukifika sentimita 18 kutoka ukingo hadi ukingo, acha kuongeza, uteremke moja kwa moja. Ukifika kwenye pindo, ongeza 6 tena, mzunguko mmoja ndiyo, mmoja hapana, na kila mara uilaze mezani uitazame kabla ya kuendelea.

Jambo moja la Kisumu: joto hilo linafanya vidole vitoke jasho na pamba ishikane na sindano ya alumini. Weka kitambaa kikavu pajani, ufute vidole kila baada ya mzunguko. Jasho likikufanya uvute kwa nguvu, stichi za saa saba mchana zitakuwa ndogo kuliko za asubuhi, kwenye kofia hiyohiyo.

Mwalimu, nashona miaka minne sasa na bado nashona ile miraba ya rangi rangi tu. Nataka kusonga mbele, lakini video zinanichosha, naigiza bila kuelewa. Nisome nini?
*Dada wa Njoro*

Dada, soma michoro. Stichi zina alama zake. Cheni ni yai dogo, fupi ni msalaba, ndefu ni T yenye kistari kinachoikata katikati. Vistari viwili maana yake unazungusha uzi mara mbili kabla ya kuingiza sindano, vitatu mara tatu. Mchoro haujui Uingereza wala Marekani.

Mimi niliokota kijitabu cha Kijapani kwenye vitabu vya mitumba vilivyotandazwa kando ya barabara hapa mjini. Sikuweza kusoma hata neno moja. Kulikuwa na mchoro wa kitambaa cha meza, duara la mananasi, na nilikaa nao siku tatu nikifuata alama kwa ncha ya kalamu, kutoka katikati kwenda nje. Siku ya nne nilikishona chote. Nilikuwa nimeshona zaidi ya miaka kumi, na ndiyo siku ya kwanza nilijua ninachofanya kabla ya sindano kukifanya.

Anza na mraba wako huohuo, unaoujua gizani. Chukua daftari la hesabu, lenye miraba, uuchore: katikati cheni 4 zimefungwa duara, kisha mafungu ya T tatu tatu, cheni kwenye pembe. Ukimaliza, badilisha kitu kimoja kwenye karatasi, labda pembe ziwe na cheni 5 badala ya 3, halafu ushone hicho ulichochora. Kipande hicho kibandike kwenye ukurasa kwa pini, uandike uzi gani na sindano ya milimita ngapi. Daftari langu la kwanza lina chai iliyomwagika kwenye ukurasa wa pili, na bado nalifungua karibu kila wiki.