Laini Yangu Imeuzwa Mara Ngapi? Na Maswali Mengine ya Wiki

Mwangaluka, wasomaji. Wiki iliyopita niliandika kwamba kampuni kubwa hukua kama mji wetu wa Tabora: hujenga, hununua kiwanja cha jirani, na mara nyingine hubomoa. Tangu siku hiyo simu yangu haijatulia. Nimechagua maswali matano. Yale ya "mzee, nikope wapi" yatasubiri.

Shikamoo mzee. Laini yangu ya 078 niliinunua ikiitwa Celtel. Ikawa Zain, sasa ni Airtel, na namba ni ileile. Kumbe nauzwa kama kuku ndani ya tenga? (Mama wa Isevya, Tabora)

Marahaba, mama. Umeuzwa, tena kwa bei nzuri. Celtel ilianzishwa mwaka 1998 na Mo Ibrahim, mhandisi mzaliwa wa Sudan. Mwaka 2005 kampuni ya Kuwait ikainunua kwa dola bilioni 3.4, na baadaye ikaibandika jina la Zain. Mwaka 2010 Bharti Airtel ya India ikachukua karibu biashara yote ya Zain barani Afrika kwa dola bilioni 10.7.

Mhindi yule angeweza kuja mwenyewe, akaomba leseni nchi moja baada ya nyingine, akasimamisha minara, kisha akaanza kukubembeleza wewe uache laini yako. Ingemchukua miaka. Badala yake alinunua leseni, minara na wateja kwa mkupuo mmoja. Kuku umemtaja wewe; mimi naongeza tu kwamba ni kuku anayetaga, maana kilicholipiwa ni vocha utakazoweka kesho na keshokutwa. Ila tenga lina mlango: tangu 2017 unaweza kuhamia mtandao mwingine na namba yako hiyohiyo.

Je, Coca-Cola ninayouza hapa stendi inatoka Marekani? (Kijana wa Kigoma mjini)

Hapana. Wenye jina huuza kimiminika kizito cha kuchanganyia. Maji, chupa, kreti na malori ni mzigo wa kiwanda cha hapa nchini. Utaratibu huo ni wa tangu 1899, mawakili wawili wa Chattanooga walipopewa haki ya kujaza chupa karibu Marekani nzima kwa dola 1, na inasimuliwa kwamba hata hiyo dola haikudaiwa. Mwenye jina akaenea duniani bila kununua lori kila mji.

Mzee, huku Sikonge tunalima tumbaku, lakini wanunuzi tunawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Huo ndio ushindani? (Mwanachama wa AMCOS, chama cha msingi cha ushirika wa wakulima)

Swali lako lina uchungu, na nimelisoma mara mbili. Nikupe kwanza kisa cha zamani, kwa sababu tumbaku ndiyo iliyofundisha dunia ushindani unavyoishia.

Mwaka 1901 Mmarekani James Buchanan Duke, aliyekuwa ameshameza karibu washindani wake wote nyumbani, alivuka bahari akanunua kiwanda cha sigara cha Ogden's, Liverpool. Waingereza wakashtuka. Kampuni 13 zikaungana kuwa Imperial Tobacco, bei zikashushwa, wenye maduka wakapewa zawadi wasiuze sigara za adui. Mvutaji alifaidi kweli. Halafu mwaka 1902 mafahali wakachoka. Wakakubaliana: wewe baki kwako, mimi nibaki kwangu, na dunia iliyobaki tuiundie kampuni moja ya pamoja. Hiyo ndiyo British American Tobacco. Mwaka 1911 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamuru himaya ya Duke ivunjwe vipande.

Sasa turudi Sikonge. Kununua tumbaku kunataka mtaji wa kukopesha pembejeo msimu mzima, maghala, wateuzi wa gredi, na wateja wa ng'ambo wanaolipa kwa dola. Duka la mtaani haliwezi kuingia humo, kwa hiyo wanunuzi huwa wachache, na wakiwa wachache si lazima wakutane gizani ili bei zifanane. Kila mmoja anamtazama mwenzake tu. Wakikutana gizani, hilo ni kosa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na Tume ya Ushindani ipo kwa kazi hiyo. Lakini kabla ya kufika huko, someni mkataba na makisio yenu ya mavuno kwenye AMCOS kabla ya kuchukua mbolea. Mbolea ikishaingia shambani, mkulima hana tena pa kwenda na jani lake.

Bibi yangu husema Wazungu walileta matrekta Urambo kulima karanga wakashindwa. Kampuni kubwa vile ilishindwaje na karanga? (Mwanafunzi, Urambo)

Bibi yako asikilizwe. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Uingereza ilikosa mafuta ya kula. Mwaka 1946 United Africa Company, tawi la Unilever, ikapeleka wazo serikalini: karanga zilimwe Tanganyika, mamilioni ya ekari, kwa mashine. Maeneo yakawa matatu: Kongwa, Nachingwea na hapo kwenu Urambo.

Waliharakisha mno. Matrekta mengi yalikuwa mitumba ya jeshi, na hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Ng'oa mbuyu, vunjika jembe. Kongwa udongo ulikauka ukawa kama saruji, karanga zikakataa kutoka ardhini, na mvua haikuwa ile iliyokisiwa. Mgogo yeyote mwenye mvi angewaambia mvua za kwao zilivyo.

Mpango ukazikwa mwaka 1951, na hasara iliyofutwa ilikuwa pauni milioni 36. Ila angalia, mwanangu, nani aliyelipa. Fedha zilikuwa za serikali, na United Africa Company ilikuwa imekabidhi usimamizi kwa shirika la umma mwaka 1948. Kampuni ilitoka na viatu vyake. Mlipakodi wa Uingereza akabaki kwenye tope. Kwa hiyo mwambie mwalimu kwamba kampuni haikushindwa sana. Ilichoshindwa ni kuijua Urambo, iliyokuja kugeukia tumbaku.

Natengeneza sabuni ya mawese Mwandiga. Nataka kuuza Bujumbura. Nianzie wapi? (Mama wa Kigoma)

Mama, umekaa kwenye njia ya mtu mkubwa bila kujua. William Lever alianza na sabuni ya Sunlight huko Uingereza miaka ya 1880. Akataka mafuta ya uhakika, na mwaka 1911 akapewa eneo kubwa la michikichi Kongo, ambako watu wengi walifanyishwa kazi kwa nguvu. Kampuni yake ndiyo iliyoungana na Waholanzi wa siagi ya mimea ikawa Unilever, hao hao wa karanga za Urambo. Yeye aliyafuata mawese ng'ambo ya maji. Wewe unayo uani.

Anza hivi. Sajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili. Nenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, wakupe barua ya utambulisho, uipeleke TBS, shirika la viwango, upimiwe sabuni. Bila alama yao utasumbuka mpakani. Burundi imo Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na mzigo usiozidi dola 2,000 hutumia cheti chepesi cha uasili, yaani cha kuonyesha bidhaa imetengenezwa wapi, kinachotolewa hapohapo mpakani. Mara ya kwanza peleka katoni chache, ukauze mwenyewe siku mbili tatu. Uone wanaulizia mche mrefu au vipande, wanataka harufu au povu. Usikope kwa ajili ya shehena kubwa kabla hujarudi na majibu hayo.

Na mche mmoja nipelekee kwa treni, nitaulipia. Mke wangu anasema sabuni ya dukani inamkausha mikono.